Sura ya Saba: Ufunguo Juu ya Msumari

Inspekta Nyamu alikuwa amemtia Kinoti pingu mbele ya mama yake mzazi, katikati ya soko la Kibirichia, tena siku ya soko. Hakufanya kwa siri wala kwa upole. Alifanya kwa mbwembwe zote za askari aliyemaliza kazi, huku wauzaji wa viazi wakisimama juu ya magunia yao ili waone vizuri. Sasa ilikuwa Jumapili asubuhi, kesho yake Kinoti alitakiwa asimame mahakamani kwa shtaka la kujaribu kuua, na Nyamu alikuwa amerudi kwenye kiwanda cha viazi na bahasha ya ushahidi mkononi kwa sababu ya kitu kidogo kilichomkosesha raha tangu jana. Kitu chenyewe kilikuwa kamba.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa. Meneja wake, Thuranira, alikuwa ametolewa kanisani katikati ya ibada na bado alikuwa amevaa suti yake ya Jumapili. Alifungua mlango mkubwa akijisafisha koo, kwa namna ya mtu anayejiandaa kujitetea kabla hajaulizwa.

"Afande, si tulimaliza haya mambo? Kinoti ndiye aliwasha mashini. Yeye mwenyewe hajakataa."

"Hajakataa," Nyamu alisema. "Nionyeshe funguo za mashini zingine."

Msaidizi wake, Koplo Makandi, mwanamke kijana, aliwasha taa. Ngoma ya kuoshea viazi ilionekana pale katikati, pipa la chuma lililolazwa ubavu, refu kuliko kitanda na pana kiasi cha mtu mzima kuingia na kuinama. Viazi hutiwa humo na maji, ngoma ikazungushwa, tope likatoka. Mara kwa mara lazima mtu aingie na brashi kuparua tope lililoganda. Mutegi ndiye aliyeingia siku ile, na ngoma ikawashwa akiwa ndani. Nyonga ilivunjika, mkono ukavunjika mara mbili, na madaktari mjini Meru walikuwa bado hawajasema kama atatembea.

Kwa mtu asiyejua mashine, ajali kama hiyo huonekana rahisi kutokea. Kwa ngoma ile haikuwa rahisi hata kidogo, na hapo ndipo Nyamu alipoijenga kesi yake yote. Ubavuni mwa ngoma palikuwa na komeo la usalama. Ukifungua mlango, ulimi wa chuma kinene unatumbukia kwenye meno ya ngoma na kuishika, hata ubonyeze swichi kutwa nzima haitasogea. Ulimi ukishatumbukia, ufunguo unachomoka. Ulimi hauinuki tena mpaka ufunguo uleule urudishwe kwenye komeo na kuzungushwa. Ufunguo ni mmoja tu. Kwa hiyo sheria ya kiwanda ilikuwa nyepesi kukumbuka: anayeingia ndani anaingia na ufunguo shingoni. Nani basi atakuwashia mashine na ufunguo uko kifuani mwako, ndani ya mashine yenyewe?

Kinoti, mwendesha ngoma, alikuwa na ufunguo. Aliurudisha kwenye komeo kwa mkono wake, akawasha. Na wiki mbili kabla, baada ya Mutegi kumshtaki kwa meneja kwamba anatafuna miraa akiwa kwenye mashine, Kinoti alisimama mbele ya shifti nzima akasema, "Iko siku nitakuosha pamoja na hivi viazi." Watu wote walisikia. Nyamu aliposikia hayo, hakutaka kusikia mengine.

Kinoti alijitetea kwamba ufunguo aliukuta kwenye msumari, kwamba alimuuliza mama mchambuzi wa viazi kama ngoma ni tupu, na mama akamjibu kwamba hakuna mtu. Lakini mama mwenyewe, Cicily, mzee wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani na sauti ya chini, aliandika taarifa kwamba hakuulizwa kitu na hakusema kitu. Kati ya mama wa kanisa na kijana wa miraa, Nyamu hakupata shida ya kuchagua.

Thuranira alirudi na funguo mbili: wa mashine ya kukata na wa mkanda wa kukaangia. Kila mmoja ulikuwa na kamba yake. Nyamu alizilaza juu ya meza, kisha akatoa kwenye bahasha ufunguo wa ngoma, akaulaza kando yake.

"Makandi, unaona nini?"

Koplo aliinama. Kamba mbili za kwanza zilikuwa nyeusi, zimelainika kwa jasho na mafuta ya shingo za watu. Kamba ya ufunguo wa ngoma ilikuwa nyeupe, ngumu, bado ina mkunjo wa dukani.

"Hii haijawahi kuvaliwa, afande."

"Ni mpya?" Nyamu alimuuliza meneja.

"Zote tulinunua siku moja. Mwaka jana." Thuranira aliitazama ile kamba, kisha akatazama viatu vyake.

"Kwa hivyo mwaka mzima watu wanaingia kwa hiyo ngoma, na hakuna hata mmoja amevaa huu ufunguo."

"Anayeingia ni Mutegi peke yake. Ndiyo kazi yake."

"Na ufunguo unakuwa na nani?"

"Cicily ndiye anafungua komeo. Yeye ndiye mkubwa wa hiyo sekshoni. Anafungua, anachomoa, anampatia."

"Anampatia mkononi?"

Jicho la Thuranira lilikimbilia upande wa ngoma. Nyamu aliuona msumari kwenye nguzo karibu na mlango wa ngoma, na chini ya ule msumari, benchi la kuchambulia viazi. Aliketi kwenye benchi pale Cicily anapoketi, mgongo kwenye nguzo.

"Makandi, tundika ufunguo hapo juu. Sasa rudi nyuma. Jifanye wewe ni Mutegi, unataka kuingia ndani. Chukua."

Makandi alikuja. Msumari ulikuwa juu ya kichwa cha Nyamu. Ili aufikie, ilibidi aweke goti moja kwenye benchi na kuinama juu yake mpaka vifungo vya shati lake vikagusa paji la uso wa mkuu wake. Nyamu alijikuta amegeuza uso pembeni na masikio yamepata moto.

"Pole, afande," Makandi alisema, akishuka haraka.

Ndipo Thuranira akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekwisha kaa na wasiwasi muda mrefu, na maneno yakamtoka. "Hapo Mutegi hawezi hata umpige. Atainamiaje mama mkwe wake namna hiyo?"

Nyamu aliinuka kwenye benchi.

"Mama mkwe wa nani?" Nyamu aliuliza.

"Cicily. Mutegi si ameoa kwake? Nkirote, yule bibi yake, ni msichana wa Cicily. Kwani hamkujua?"

Hawakujua. Majina yalikuwa tofauti, hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyesema, maana kwa watu wa pale lilikuwa jambo la kawaida sana kiasi cha kutosemwa. Nyamu alikuwa mtu wa Mbeere, kule chini kwenye joto la Embu, na hakuhitaji kufafanuliwa lolote. Baba yake mwenyewe aliwahi kutoka njiani na kusimama ndani ya miiba mpaka mama mkwe apite. Siku hizi kila mtu husema ameokoka na hayo yalikwisha, kisha mama mkwe anatokea kwenye kona na miguu ya mtu inatoka barabarani yenyewe.

"Hawapeani kitu mkono kwa mkono," alisema.

"Hata chumvi," Thuranira alikiri. "Tukiwa na sherehe hapa wanakaa mwisho huu na mwisho ule."

"Na ufunguo?"

"Kulikuwa na Purity, kasichana ka chuo ka Nchiru, anafanyaga kibarua hapa. Mama anampatia yeye, yeye anampatia Mutegi. Mutegi anaweka kwa mfuko."

"Na siku ya ajali Purity alikuwa wapi?"

Thuranira alitaka kuvua kofia ambayo hakuwa ameivaa. Mkono wake ulifika kichwani na kurudi mtupu. "Alikuwa ameenda mtihani."

"Wewe ulijua yote haya. Ulinisindikiza sokoni nikamkamate Kinoti, ukijua."

"Afande, nilijua lakini sikufikiria. Ni mambo ya heshima ya watu. Mtu anaandikaje hiyo kwa taarifa ya polisi?"

Nyamu angetaka kumfokea. Alishindwa, kwa sababu aibu iliyompanda ilikuwa yake mwenyewe. Aliikumbuka ovaroli ya Mutegi, aliyoikuta siku ile imekunjwa vizuri juu ya kreti, kavu kabisa, na jinsi alivyoiandika kwenye orodha ya vitu bila kujiuliza mwenye ovaroli aliingia majini amevaa nini.

Walimkuta Cicily mahali ambapo Makandi alisema atakuwa, hospitalini mjini Meru, kwenye benchi la nje chini ya dirisha la wodi ya wanaume, chupa ya uji miguuni. Binti yake Nkirote alikuwa ndani kando ya kitanda. Cicily alikuwa amekuja kila siku na hakuwa ameingia hata mara moja.

Nyamu alimwamkia, akaketi mwisho mwingine wa benchi. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa mkwe wake, na alilijua hilo mpaka kwenye mifupa.

"Mama, nimetoka kiwandani. Nimeona msumari."

Cicily aliinamisha uso. Alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Siku ile Purity hakuwako. Ukafungua komeo, ukachomoa ufunguo, ukautundika. Ukaketi ukaendelea na viazi. Mutegi akaja. Akaona ufunguo uko juu ya kichwa chako."

"Nilikuwa nimeinama," Cicily alisema. "Niliandika hivyo."

"Uliandika. Ukaandika pia kwamba Kinoti hakukuuliza kitu."

Mikono ilisimama kwenye leso.

"Ile ovaroli..." Nyamu alianza, na ulimi ukamwia mzito. Alikuwa amewahoji majambazi na wauaji bila kupepesa macho, na hapa alishindwa kumaliza sentensi mbele ya mama mmoja mwenye chupa ya uji. Makandi alimwona akihangaika. Alikuja akachuchumaa mbele ya Cicily, akaongea kwa sauti ya chini ya msichana na mama yake.

"Mama, Mutegi alikuwa anavua nguo akiingia huko ndani?"

Cicily alifumba macho. "Kibirichia ni baridi," alisema hatimaye. "Ukilowa asubuhi unashinda umelowa. Alikuwa anaacha nguo kwa kreti, anabaki na kanguo ka ndani tu. Kila mtu alikuwa anajua. Nikisikia anatoa viatu, mimi naangalia viazi yangu. Sijawahi inua kichwa. Hata siku moja."

"Kinoti alikuja?"

"Alikuja. Akanipitishia mkono hapa juu, akachukua ufunguo. Akaniuliza, 'Mama, ngoma ni tupu?'"

"Ukasema?"

Machozi yalikuwa yameanza, na aliyaacha yatiririke. "Nikasema hakuna mtu."

"Uliangalia ndani?" Nyamu aliuliza.

"Ningeangalia nini, afande?" Alimgeukia kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa kitambaa barabarani. "Niangalie nini huko ndani? Niliona ufunguo uko kwa msumari. Nikajiambia, kama ufunguo uko, basi hajaingia, ama ametoka. Mlango ulikuwa hapa, karibu hivi. Ningegeuza shingo tu. Sikugeuza."

Alijifuta uso kwa leso na kuendelea, sasa haraka, kama anayetaka kumaliza. Kinoti alisukuma mlango kwa bega, akafunga, akazungusha ufunguo, akaenda upande wa pili kwenye swichi. Ngoma ilipoanza, yeye akasikia vishindo ambavyo si vya viazi, na ndiye aliyepiga mayowe mpaka ikazimwa. Walipomtoa Mutegi, Cicily alirusha leso yake imfunike, akiwa amewapa mgongo.

"Kwa nini hukusema, mama? Kinoti yuko seli tangu Alhamisi."

"Mngeniuliza kwa nini sikuangalia. Vile unaniuliza sasa. Ningesimama kortini, mbele ya wazee na vijana, niseme mkwe wangu alikuwa anavaa nini?" Alitikisa kichwa. "Nimemwombea Kinoti kila siku."

"Mama," Nyamu alisema taratibu, "kesho anahitaji mtu wa kumsemea."

Cicily alisogeza chupa ya uji pembeni. Kisha akasema, "Andika."

Makandi aliandika, Cicily akatia sahihi. Nyamu alisoma karatasi ile mara mbili na uso wake haukuchangamka. Alimvuta koplo pembeni.

"Hii peke yake haitoshi. Alhamisi aliapa hakuulizwa, leo anaapa aliulizwa. Mwendesha mashtaka atasema ameingiwa na huruma, ama familia ya Kinoti imemtembelea. Kinoti bado atasomewa shtaka."

"Kuna mwingine alikuwa karibu," Makandi alisema, akiangalia dirisha.

"Huyo anasema hakumbuki kitu."

"Alisema hivyo kabla hujajua cha kumuuliza, afande."

Wodini, Mutegi alikuwa amelala chali, mguu umefungwa uzito, mkono kwenye plasta. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mpana wa mabega. Alipoona sare ya Makandi aligeuza macho kuelekea ukutani. Nkirote, mkewe, alisimama ampishe inspekta kiti.

"Mutegi," Nyamu alisema, "mimi ni mtu wa Mbeere. Najua kwa nini hukuchukua ule ufunguo."

Shingo ya Mutegi ilikakamaa. "Sikumbuki."

"Uliingia bila ufunguo kwa sababu mama alikuwa ameketi chini yake. Uliona haya kumwambia asogee, na yeye hakujua kama umeingia. Sivyo?"

"Nimesema sikumbuki. Kinoti alisema ataniosha, si mnajua? Kila mtu alisikia."

"Mutegi!" Nkirote alishtuka. "Wewe si uliniambia hata hukuona nani alifunga?"

"Wacha, Nkirote."

"Kinoti ana mama," Nyamu alisema. "Nilimfunga mwanawe pingu akiangalia. Kosa hilo ni langu, na nitaenda kwake niliseme. Lakini kesho akisomewa shtaka, kosa halitakuwa langu peke yangu."

Mutegi alitazama dari. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Nyamu alijua kwamba Mutegi amefika mwisho wa uwezo wake. Mtu huyu angeweza kumwacha mwenzake aoze jela, si kwa chuki, bali kwa sababu lilikuwa jambo rahisi zaidi kulivumilia kuliko kutamka sentensi moja.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Kutoka nje, chini yake, sauti ya Cicily ikaja, ya chini na iliyokauka. Alikuwa bado ameketi kwenye benchi, mgongo kwenye ukuta. Makandi alichungulia akamwona hajageuka.

"Mutegi. Ni mimi. Nimeshasema yote. Wameandika. Sema na wewe."

Mutegi alishtuka kama aliyeguswa kidonda. Kwa mkono wake mzima alivuta shuka mpaka kidevuni, ingawa alikuwa amefunikwa, na ingawa yule mama alikuwa ng'ambo ya ukuta wa mawe. Nkirote alianza kulia bila sauti.

"Mama, uko hapo?" Mutegi aliuliza.

"Niko hapa. Siwezi kukuona. Sema."

Muuguzi alipita na sinia ya dawa, akaona nyuso zao, akarudi alikotoka.

"Nilisikia," Mutegi alisema.

Nyamu aliinama mbele. "Ulisikia nini?"

"Nilisikia Kinoti akiuliza kama ngoma ni tupu. Nilikuwa hapo tu, karibu na mlango, nimechuchumaa. Nikasikia mama akisema hakuna mtu." "Ningeita. Neno moja tu, Kinoti angesikia. Lakini ningeita, mama angegeuka. Mtu akiita unageuka tu, hata hujafikiria. Na mimi nilikuwa vile nilikuwa. Nikasema, wacha kwanza mama aende mbali kidogo, halafu nimwite Kinoti polepole. Nikaona mlango unafungwa. Hata hapo bado nikasema, nitagonga mama akienda. Nilipoanza kugonga, ilikuwa inazunguka."

Makandi alikuwa ameacha kuandika. Nyamu alimwashiria aendelee, akaandika, na kalamu ikasikika kwenye karatasi. Hapo palikuwa na kila kitu alichohitaji: swali la Kinoti, jibu la mama, sikio la tatu lililoyasikia yote mawili. Kinoti angekuwa nje kabla ya jioni. Nyamu hakuhisi ushindi wowote. Alihisi amewavua watu wawili nguo katikati ya soko, kwa mara ya pili katika wiki moja, na safari hii hata pingu hakuzihitaji.

"Kwa hivyo Kinoti hakujua," alisema, kwa ajili ya taarifa.

"Hakujua. Ningekuwa yeye ningewasha pia."

Wote walingoja kitu kutoka nje. Nkirote alisogea dirishani, akatazama chini kichwa cha mama yake, kile kitambaa cheupe, na hakuthubutu kumwita. Mutegi ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mama? Umesikia?"

"Nimesikia," Cicily alisema. Kisha, baada ya pumzi, bila kugeuka, "Ungeita tu, mwanangu. Ningefumba macho."